Msiniite Mgeni

Methali ya mgeni na jembe ina ratiba ndani yake: siku mbili za kula na kulala, ya tatu ndiyo ya shamba. Watengenezaji wa michezo ya televisheni wa Los Angeles wameifupisha ratiba hiyo. Wanakuita mgeni wao kwenye barua pepe, wanakuita mgeni wao mlangoni, wanakuita mgeni wao kwenye kipaza sauti, na hujakaa vizuri kitini jembe tayari liko mkononi. Nasema hivi nikiwa nimelima: saa saba na nusu, mwaka 2024, kwenye kurekodi kipindi cha maswali na zawadi ambacho sitakitaja jina. Na ninachosema ni kwamba anayepiga makofi studioni anafanya kazi. Kazi hiyo ilipwe na iwekewe mipaka. Kuiita burudani ya bure ni ujanja wa watu wanaojua hesabu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana anayetazama nyumbani huona sekunde mbili za watu wakirukaruka na kudhani wamepandwa na furaha tu.

Tiketi ni ya bure, unaiomba mtandaoni wiki kadhaa kabla. Chini yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba haikuhakikishii kiti. Hutolewa tiketi nyingi kuliko viti kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya watu hawatatokea, na kiti kitupu mbele ya kamera ni kama pengo la jino. Maelekezo ya mavazi yalikuja siku moja kabla: rangi zilizokolea, nyeupe hapana, maandishi hapana, kofia hapana. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo la kuegesha magari, juu ya viti vya plastiki, simu zetu zimetiwa kwenye mifuko ambayo huwezi kuifungua mwenyewe. Tukapewa fomu ya kutia sahihi. Sauti yako, sura yako, mwendo wako, popote duniani, kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, milele. Neno "milele" lilikuwemo kweli. Nilikuwa sijawahi kuliona nje ya kitabu cha dini.

Saa saba na dakika kumi wakaanza kutuingiza, na hapo ndipo nilipoona upangaji. Binti mwenye orodha hakuwa anatazama namba za tiketi, alikuwa anatazama nyuso. Vijana, warembo na wenye nguo zinazong'aa, mbele. Wazee, wanene na wenye mikongojo, juu kabisa gizani. Kulikuwa na mume na mke waliofika kabla yetu sote, walikuwa wamesafiri usiku kwa basi. Wakapelekwa safu ya mwisho. Mimi na mwenzangu, dada wa Mombasa tunayesoma naye, tulikuwa miongoni mwa weusi wachache sana katika umati ule. Tukatenganishwa, huyu upande huu wa kamera, yule upande ule, kama chumvi inavyonyunyizwa ili ienee.

Studio ilikuwa na baridi ya bucha na ilikuwa ndogo, jambo ambalo kila aliyewahi kuingia humo hulisema, kwa hiyo silirefushi. Lililonishughulisha ni mchangamshaji. Huyu ni mchekeshaji ambaye kazi yake ni kuhakikisha hampoi. Alianza kwa kutufundisha makofi. Mikono usawa wa kidevu, si mapajani, kamera haifiki huko. Haraka, mfululizo, midomo wazi, meno yaonekane. "Kama mmeshinda ninyi!" Halafu ukaja mvuno wa nyuso. Kamera ilipita safu kwa safu na sisi tukatii: chekeni. Shangaeni. Sikitikeni. Angalieni juu kama mnatafuta jibu. Mgeukie jirani umnong'oneze kitu. Dakika ishirini za hisia za akiba, zimewekwa ghalani kabla ya swali hata moja kuulizwa.

Kipindi ambacho nyumbani hakifiki nusu saa kilichukua karibu saa mbili kurekodiwa. Kisha mwendesha kipindi akaingia ndani, akabadilisha koti na tai, akatoka na kutukaribisha tena "wiki hii". Sisi tukaambiwa tubadilishane viti ili tuonekane watu wengine. Tulipewa biskuti na chupa ya maji.

Jirani yangu alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, zamani dereva wa malori. Mchangamshaji alimsalimia kwa jina. Nilipomuuliza kama huja mara kwa mara, akacheka: yeye yuko kazini. Wakala wa kujaza viti humlipa kwa saa, kiasi kidogo juu ya kima cha chini. Jana yake alikuwa kwenye kesi za televisheni, kesho yake angekuwa kwenye shindano la upishi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja kiganja kidogo kama kikombe, ili sauti iwe kubwa na mkono usiume. "Ukipiga hivyo unavyopiga, kijana," aliniambia, "kufikia saa kumi hutaweza kushika kalamu."

Sasa tazama viti hivyo viwili. Taa ile ile, amri ile ile, makofi yale yale, ingawa yake yalikuwa bora kuliko yangu. Kiti chake kina bei, changu hakina. Wakati ule kima cha chini cha mshahara jimboni California kilikuwa dola 16 kwa saa. Saa saba na nusu ni dola 120. Tulikuwa kama watu mia mbili. Hata ukiwaondoa waliolipwa, unakaribia dola 24,000 za kazi ambazo kampuni haikuzitoa mfukoni siku hiyo. Zikazunguka humo humo studioni zikawa zawadi, nasi tukazishangilia.

Na mimi kwa viza yangu ya uanafunzi siruhusiwi kuajiriwa ovyo nje ya chuo. Lau yule wakala angenipa dola kumi na sita za saa moja, ningekuwa nimeingia kwenye matatizo na uhamiaji. Nikifanya kitendo kile kile bure, sina kosa, nimetembea. Kwa hiyo sheria inajua vizuri kwamba makofi ni kazi. Huijua pale tu pesa inapobadilisha mikono. Mtu anayepita barabarani nyuma ya waigizaji kwenye filamu, hasemi neno, hageuzi shingo, hulipwa, na akiwa mwanachama wa SAG-AFTRA anacho chama cha kumtetea na kima kilichoandikwa. Mimi niliyecheka, nikashangaa na kusikitika kwa amri, mbele ya kamera iliyonijia hadi puani, ni mgeni.

Mwenzangu hakukubaliana nami, na hoja yake ni nzuri kuliko zote nilizozisikia, kwa hiyo naiweka hapa nzima. Tulikuwa kwenye basi la kurudi. "Wewe nawe! Umeingia bure, umecheka, umeona watu wakishinda, sasa wataka na mshahara juu yake? Kwani harusini huko kwenu Tanga hupigi vigelegele? Nani alishakulipa?"

Harusini simtegemei mtu aniambie lini. Namjua bibi harusi, nimekula pilau yao, na kigelegele kinatoka pale kinapotoka. Hakuna anayekuja kuniambia nirudie kwa sababu hakikushikwa vizuri (ingawa wapiga video wa Dar siku hizi wanaelekea huko, na hilo lina siku yake). Na tukitaka mfano wa hadhira inayojua thamani yake, tuende kwenye taarab. Kikundi kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar kipo tangu mwaka 1905, na hadhira ya muziki huo haijawahi kuwa ya kuamrishwa. Mtu akiguswa na ubeti huinuka kwa wakati wake, hutembea mbele ya watu wote na noti yake mkononi, humtunza mwimbaji, hurudi kwa madaha. Wote ukumbini wanasoma: kwa nini huyu, kwa nini ubeti huu, mlengwa ni nani. Asiyeguswa hukaa. Kukaa kwake nako kuna maana. Kile kiti cha Los Angeles kilininyima hasa uwezo huo wa kukaa.

Wataniambia ndivyo tamasha lilivyokuwa siku zote. Ni kweli, na historia hiyo yenyewe inanisaidia. Suetonius ameandika kwamba mfalme Nero wa Roma alikuwa na zaidi ya vijana 5,000 waliofunzwa mitindo ya kupiga makofi, na mitindo hiyo ilikuwa na majina. Paris ya karne ya 19 ilikuwa na wapiga makofi wa kukodi katika jumba la opera, na kiongozi wao wa miaka ya 1830, Auguste Levasseur, alikuwa mtu mkubwa mjini. Hutaki kugombana naye ukiwa mwimbaji. Katika miaka ya 1950 mhandisi Charles Douglass akatengeneza sanduku la vicheko vilivyorekodiwa, unabonyeza kama unavyobonyeza kinanda, watu wanacheka. Mwaka 2020, viwanja vya mpira vilipokuwa vitupu kwa sababu ya korona, televisheni zilipachika sauti za mashabiki waliorekodiwa, maana mechi kimya haikutazamika. Nero aliwajua makofi yana thamani akawalipa. Paris ililipa. Douglass alilipwa kwa sanduku lake. Ni sisi tu, wenye tiketi ya bure na chupa ya maji, tulioaminishwa kwamba tumefadhiliwa.

Kuna vipindi vinavyolipa kwa matumaini. The Price Is Right, kinachorushwa na CBS kwa sura yake ya sasa tangu mwaka 1972, huwachagua washiriki kutoka miongoni mwa waliokuja kukaa: watayarishaji huwahoji watu wakiwa kwenye foleni, kisha tisa huitwa katika kipindi kimoja. Ukitaka kuwa miongoni mwa hao tisa unaanza kuchangamka foleni, unavaa fulana uliyoichora mwenyewe, unaruka kabla hujaambiwa uruke. Bahati nasibu imekuwa mshahara. Ni mfumo wa busara sana, na kila mwenye kibanda cha kubeti Kariakoo ataufahamu bila kuelezwa.

Lakini pesa ni nusu ya ugomvi wangu.

Katika kipindi cha pili kulikuwa na mshiriki, mwanamke wa makamo. Kabla ya maswali alitakiwa kueleza pesa angeifanyia nini, akaeleza: deni la matibabu la mama yake. Tukaashiriwa tusikitike, tukasikitika. Akapanda vizuri, swali kwa swali, mpaka akaulizwa ziwa lipi ndilo kubwa kuliko yote Afrika. Akafikiri sana. Akajibu Tanganyika.

Mimi moyo ulinishuka, na sikuwa nimeashiriwa. Kwa sababu lile si jibu la mjinga. Kwa eneo, ziwa kubwa ni Victoria, na hilo ndilo walilolitaka. Lakini Tanganyika ni refu kuliko yote Afrika, lina kina kuliko yote, na maji yaliyomo humo ni mengi kuliko ya Victoria kwa mbali sana. Ungeuliza swali kwa ujazo, mama yule angekuwa ameshinda. Ni mtu aliyewahi kusoma kitu fulani kuhusu kwetu na kukikumbuka nusu, chini ya taa, watu mia mbili wakimkodolea macho. King'ora kikalia. Tukatoa "ooh" ndefu.

Kisha msimamizi wa studio akainua mkono. "Ooh" yetu haikuingia vizuri, watu wawili walikohoa. Turudie. Mama bado amesimama pale pale, mikono kwenye kimeza, hajaruhusiwa kuondoka. Tukamsikitikia mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa ya pembe nyingine ya kamera. Mara ya tatu hiyo alijaribu kututabasamia ili tumalize haraka.

Marekani ina sheria juu ya udanganyifu katika michezo hii. Ilipitishwa mwaka 1960, baada ya kashfa ya kipindi cha Twenty-One. Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikiri mbele ya kamati ya bunge mwezi Novemba 1959 kwamba alikuwa akipewa majibu, na mpinzani wake Herbert Stempel alikuwa ameshasema aliamriwa kushindwa. Watu hukumbuka majibu. Mimi hukumbuka mengine: walifundishwa kusita, kupangusa jasho, kuonekana wanateseka na swali wanalolijua, kiyoyozi cha kibanda kilizimwa ili Stempel atoke jasho la kweli. Taifa zima lilijiona limetapeliwa. Sheria iliyotokana na hasira hiyo hulinda swali, jibu na matokeo. Ile nusu nyingine, uso unaoteseka kwa maelekezo, ilihamishwa kutoka kwa mshiriki ikaletwa kwenye viti vyetu, na huko hakuna sheria inayoifuata.

Ajabu ni kwamba hadhira hiyo hiyo, ikiulizwa inachokijua badala ya kuamriwa inachokihisi, hufanya vizuri ajabu. Katika Who Wants to Be a Millionaire? mshiriki anaweza kuomba msaada wa ukumbi. James Surowiecki, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu hekima ya umati, anaandika kwamba ukumbi ulipata jibu sahihi asilimia 91 ya mara ulizoulizwa, na yule rafiki mwerevu wa kwenye simu asilimia 65. Watu waliookotwa kwenye foleni, wakiwa na kitufe na sekunde chache. Ukweli ni kwamba tuna vichwa. Siku yangu kile kitufe hakikuwepo. Angeomba msaada wetu yule mama, kulikuwa na mtu mmoja safu ya tatu ambaye angempa jibu lao, na la ujazo pia.

Kipindi kilirushwa miezi minne baadaye. Nilikitazama chumbani na wenzangu wa nyumba. Swali la ziwa likafika, mama akasema Tanganyika, na kabla ya king'ora kumaliza kulia kamera ikaonyesha uso wangu. Nacheka. Meno yote nje, kichwa kimerudi nyuma, halafu nageuka kumnong'oneza mzee wa malori. Kilikuwa kile kicheko cha ghalani, cha saa nane kasoro, tulipoambiwa "chekeni" kabla ya mama yule hata kuitwa jukwaani. Mchangamshaji alikuwa ameniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaunguruma kama simba. Labda mhariri alilikumbuka hilo, labda alikuwa na nyuso mia mbili na wangu ukamwangukia. Matokeo ni yale yale: Mwafrika anamcheka mama wa Kimarekani kwa kutoyajua maziwa ya Afrika, na hiyo ni kumbukumbu yake ya televisheni maisha yake yote, na ya watoto wake. Wenzangu walipiga kelele za furaha kuniona. Mama yangu alitumiwa kipande hicho na binamu yangu, akanipigia kutoka Tanga. "Mwanangu, mbona umemcheka mwenzio?"

Nilimweleza. Si rahisi kueleza. "Kwa hiyo ulicheka, lakini si wakati huo," alisema, na nikasikia jinsi inavyosikika.

Ndiyo maana sikubali jibu la "ulitia sahihi". Sahihi ile ilinunua sura yangu bure, na kwa sura hiyo wakatengeneza tendo ambalo sikulitenda, dhidi ya mtu ambaye nilikuwa upande wake. Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya. Saa za studioni zilipwe kwa bei moja kwa kila kiti, na anayezuiwa na viza aambiwe mapema na asitumiwe kama pengo la bei. Uso uliorekodiwa kwa jambo moja usibandikwe kwenye jingine. Na aliyeshindwa aruhusiwe kuondoka jukwaani kabla ya watu kuamriwa kumsikitikia upya.

Nyumbani watasema haya ni matatizo ya Wamarekani. Hapana. Vituo vyetu vinanunua miundo hii hii pamoja na taa zake za makofi, na umati wa kubebwa kwa mabasi sisi tunaujua kuliko wao. Tunawadharau wanaopewa fulana, kofia na elfu tano ya nauli ili wajaze uwanja wa mkutano wa siasa. Mimi siwadharau tena. Wana jambo moja ambalo ukumbi wetu wa wageni haukuwa nalo: wanajua bei yao, na mara nyingine hugoma kupanda basi mpaka waione.

Niliwaandikia wale wa kipindi. Nilieleza tarehe, safu, dakika ambayo uso wangu unatokea, na ombi kwamba kipindi kikirudiwa waondoe sekunde zile tatu. Jibu lilikuja siku ya tisa. Lilinishukuru kwa kuwa mgeni wao, likaninukulia kifungu cha fomu, na chini yake kulikuwa na kiungo cha kuombea tiketi za msimu ujao.